Kasoro na Kovu: Namna ya Kuisoma Sarafu

Mhadhara uliotolewa Mwembesongo, Morogoro

Mama zangu, dada zangu, na vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni. Sarafu ni kitu kidogo, na leo zitapita mkononi kwa kila mmoja wenu.

Mji wetu unaitwa mji kasoro bahari. Anayeusifu hivyo anasema Morogoro imejaliwa milima, mito na ardhi, imekosa pwani tu. Nimelishika neno hilo, kasoro, kwa sababu limebeba mazungumzo yetu yote. Kasoro ni upungufu ambao kitu kimezaliwa nao. Bahari haikuwahi kuwa hapa kisha ikaondoka. Mji umezaliwa bila hiyo. Kovu ni habari nyingine. Kovu unalipata njiani, baada ya kuzaliwa mzima. Mtu mwenye vidole sita na mtu aliyekatwa kidole na panga wote wana mikono isiyo ya kawaida, lakini hakuna mkunga atakayewachanganya.

Kilichonileta mbele yenu ni mama mmoja anayeshusha ndizi kutoka Kinole. Alinifuata akiwa amefunga sarafu ya shilingi mia kwenye pindo la kanga. Upande mmoja sarafu ile ilikuwa imegeuka kijivu, swala wamefifia, na pembeni pana pengo, kama mahali palipong'atwa. Kijana mmoja alikuwa amemwambia kuwa hiyo ni sarafu ya makosa, kiwandani waliikosea, na wazungu wanazitafuta kwa mamilioni. Amtolee elfu hamsini za kuanzia, naye atamtafutia mnunuzi. Mama alikuwa ameshatoa elfu ishirini. Fedha hiyo ni mikungu mingapi ya ndizi iliyoteremshwa kichwani kutoka mlimani, hesabuni wenyewe.

Nitairudia sarafu ya mama huyo. Kwanza lazima tujue sarafu inavyozaliwa, maana asiyejua uzazi hawezi kuitambua kasoro ya kuzaliwa.

Kiwandani huanza na bati refu la chuma. Mashine hulitoboa bati hilo na kutoa visahani vitupu, kama mama anavyokata maandazi kwa mdomo wa glasi. Visahani hupitishwa kwenye mashine inayovibana pembeni ili ukingo uinuke. Kisha kila kimoja huwekwa ndani ya pete ya chuma kigumu, katikati ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu. Mihuri inakutana kwa nguvu ya tani nyingi. Kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, chuma kile hutiririka kama unga uliokandwa, kinajaza kila shimo la muhuri, kinakwama kwenye pete, na sarafu imezaliwa. Ikitoka hapo, kila kitakachoipata ni maisha.

Kwa hiyo swali la kwanza, na karibu swali lote, ni moja: lini? Hiki ninachokiona kilitokea kabla mihuri haijaachana na sarafu, au baadaye? Msiulize kwanza kama ni ya ajabu au ya zamani. Ulizeni lini, na chuma chenyewe kitajibu, kwa sababu chuma kilichotiririka chini ya muhuri hakifanani na chuma kilichosukumwa na nyundo au kulika kwa tupa.

Chukueni mfano rahisi kuliko yote, mstari. Mtu anaona mstari umepita usoni mwa kiongozi kwenye sarafu, anadhani amepata kitu. Pitisha ukucha. Mstari ukizama, ni mkwaruzo: msumari, ufunguo, mchanga wa barabarani. Mstari ukiinuka, simama hapo, tafuta lenzi ya fundi saa. Muhuri ni kinyume cha sarafu. Penye shimo kwenye muhuri pana kilima kwenye sarafu. Muhuri ukipasuka, chuma huingia ndani ya ufa na kuacha uzi ulioinuka. Hakuna msumari duniani unaoweza kuinua uzi wa namna hiyo, kwa sababu msumari hauongezi chuma. Na ufa ukifika pembeni hadi kipande cha muhuri kikabanduka, sarafu zinazofuata hutoka na uvimbe laini ukingoni, herufi za mahali hapo hazipo kabisa. Kwa maoni yangu, anayejua hili moja tu ameshaokoa nusu ya fedha ambazo matapeli wangemla.

Nusu nyingine iko kwenye pengo.

Mashine inayokata visahani inapokosa hatua, hukata mahali palipokwisha kukatwa. Kisahani hutoka na upungufu wenye umbo la upinde, kama mwezi ulioanza kuliwa. Hiyo ni kasoro halali, na wakusanyaji wanaipenda. Lakini mtu mwenye mkasi wa bati na tupa anaweza kuiga pengo hilo kwa dakika tano. Tutazitambuaje? Usitazame pengo. Tazama upande wa pili, ulioelekeana nalo. Nimesema visahani hubanwa pembeni ili ukingo uinuke. Kisahani chenye pengo kinapopita pale, upande wa pengo hakuna cha kubana, na kwa hiyo upande unaoelekeana nao nao unakosa kubanwa sawasawa. Sarafu ya kasoro ya kweli mara nyingi ina ukingo uliofifia mkabala na pengo lake. Tapeli hajui hili. Anakata upande mmoja, anaacha upande wa pili na ukingo wake mzima, wenye afya, unaomshuhudia vibaya. Tazama pia herufi zilizo jirani na pengo: kwenye ile ya kweli, zilitiririka kuelekea penye nafasi, zimevutika na kulainika, kwenye ya tupa, herufi imekatwa katikati kama mkate.

Sasa niwapeleke Tabora, maana huko sarafu ziligongwa ndani ya nchi yetu wenyewe, na huko ndiko wengi hukosea kusoma.

Neno hela tunalolitumia kila siku limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza hapa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu hizo zililetwa kwa meli kutoka Ujerumani. Zile za Berlin zina herufi A, za Hamburg zina J. Vita vikaja mwaka 1914, manowari za Waingereza zikafunga bahari. Askari na wapagazi wanadai malipo, na watu wana shaka na noti za karatasi. Ndipo mwaka 1916 Wajerumani walipoanza kugonga sarafu ndani ya karakana ya reli Tabora, kwenye reli hii hii inayopita Morogoro, iliyofika kwetu mwaka 1907 na kufika Tabora mwaka 1912. Waligonga heller 5 na heller 20 kwa shaba, na rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zaidi ya vipande 16,000, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zote zina herufi T. Morogoro ilichukuliwa na Waingereza mwezi Agosti mwaka huo, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba.

Fikirini mazingira hayo. Mafundi wa reli, vyombo vya kutengenezea injini, haraka ya vita. Heller 20 za Tabora zimejaa nyufa za mihuri, zimegongwa pembeni, herufi zimejaa uchafu na hazikutoka vizuri. Kasoro kwa sarafu hizo ni jambo la kawaida, na ubora ndio nadra! Mtu akikuletea heller 20 iliyogongwa vibaya akadai bei ya ajabu kwa sababu ya kugongwa vibaya, mwambie nyingi za aina yake ni hivyo hivyo. Tena kuna tofauti nyingine za mihuri zisizo kasoro hata kidogo. Heller 20 zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Rupia 15 za dhahabu zipo ambazo nakshi yake huishia chini ya herufi A ya neno OSTAFRIKA, na nyingine chini ya T. Hapo fundi alichonga muhuri mwingine, basi. Wakusanyaji huziita aina, na aina si kosa.

Nenda nyuma zaidi, Kilwa ya masultani. Sarafu zao za shaba ziligongwa kwa mkono, nyundo na muhuri, na hakuna mbili zinazolingana. Ukiikuta moja maandishi yamehamia pembeni, usiseme fundi alikosea. Hakukuwa na pete ya kuikosea. Kasoro huhesabika pale tu penye kanuni iliyovunjwa, na ndiyo maana kabla ya kuhukumu sarafu yoyote ni lazima ujue imegongwa wapi, lini, na kwa chombo gani.

Wazee hapa wanazikumbuka senti za Mwingereza zenye tundu, senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, zilizogongwa hadi mwaka 1964. Ziliweza kutungwa kwenye uzi. Nimeletewa senti 10 zenye tundu lililokwenda upande, na nimeletewa shilingi zenye tundu ambazo hazikupaswa kuwa nalo. Ya kwanza inaweza kuwa kasoro ya kweli: tundu lilitobolewa kwenye kisahani kabla ya kugongwa, na mtoboaji alikosa shabaha. Chungulia mdomo wa tundu. Kama lilikuwepo kabla ya muhuri, chuma cha pembeni mwake kimelainika, kimetiririka kidogo kuelekea ndani. Shilingi yenye tundu ni hadithi nyingine kabisa. Bibi zetu walitoboa shilingi wakawavalisha watoto shingoni na kiunoni. Ukilitazama tundu hilo utaona limepita juu ya picha na kuikata, na upande wa pili msumari umeacha mdomo mkali uliopinduka nje. Kama sarafu, ina kovu. Kama kumbukumbu ya ukoo, mimi nisingeiuza, na sikushauri uiuze.

Makovu mengine ya kwetu nayataja haraka, kwa kuwa mnayafahamu. Sarafu iliyowekwa juu ya reli watoto wakangoja treni: imekuwa nyembamba na pana, na picha zimevutika pande zote mbili. Ile iliyotoka kiwandani ikiwa pana kwa sababu pete haikuishika, picha yake haikuvutika. Imekosa tu ukingo, na meno ya ubavuni hayapo. Sarafu iliyogeuzwa washa chini ya boliti: ina duara la mikwaruzo kuzunguka katikati. Sarafu iliyozikwa shambani: imekuwa na vidimbwi vya kutu, na herufi zimeliwa kutoka juu kwenda chini. Muhuri uliojaa grisi nao hutoa sarafu yenye herufi pungufu, ila uwanja unaozunguka herufi hizo hubaki laini na mzima.

Kuna moja inayohitaji macho makali. Wakati mwingine sarafu iliyogongwa huganda kwenye muhuri, haitoki. Kisahani kinachofuata kinapigwa dhidi ya sarafu ile iliyoganda, nacho kinatoka na sura ileile upande wa pili, imezama na imegeuka kama kwenye kioo. Ni kasoro nzuri sana. Fundi mwenye jiliwa gereji anaweza kubana sarafu mbili pamoja hadi moja iache sura iliyozama kwenye nyingine. Lakini jiliwa haina pete. Sarafu iliyobanwa ina picha yake ya asili chini ya ile iliyozama, imekandamizwa na kubapa. Ya kiwandani haina picha ya asili upande huo, kwa sababu kabla ya pale ilikuwa kisahani kitupu.

Na mimi niliwahi kudanganywa, ndiyo maana nayasema haya kwa moyo. Nilipokuwa kijana nilinunua shilingi moja ya mwaka 1966 yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere pande zote mbili, bila ule mkono ulioshika mwenge. Nililipa mshahara wa wiki nzima. Nilikaa nayo miaka, nikiwaonyesha watu. Siku moja sonara mzee aliiangusha juu ya sakafu ya saruji, ikatoa sauti ya bati, haikulia. Akanionyesha kwa ncha ya sindano mstari mwembamba kama unywele, ndani kidogo ya ukingo, unaozunguka. Sarafu moja ilikuwa imechongwa tumbo kwenye mashine ya kerezo, na nyingine ikapunguzwa ikapachikwa ndani yake. Tangu siku hiyo, sarafu ya vichwa viwili nikiletewa, ninaanza kwa kuusikiliza mlio wake.

Hata hivyo, mihuri isiyo ndugu wakati mwingine hukutanishwa kweli. Uingereza mwaka 2008 walibadilisha upande wa nyuma wa peni 20 na kuhamishia mwaka upande wa malkia. Muhuri wa zamani wa malkia ukatumika pamoja na muhuri mpya, na sarafu zikaingia mitaani bila mwaka wowote. Jambo lile lilieleweka kwa sababu kila mtu aliweza kueleza lilivyotokea kiwandani, hatua kwa hatua. Kipimo hicho nakipenda. Mwenye kukuuzia kasoro akuambie ilizaliwaje. Akishindwa, unanunua kovu.

Turudi kwenye sarafu zilizo mifukoni mwenu leo. Tanzania hatugongi sarafu zetu wenyewe. Benki Kuu, iliyoanza kazi mwaka 1966, huziagiza kutoka ng'ambo. Shilingi 50 yenye vifaru na shilingi 100 yenye swala ni chuma cha pua kilichovikwa shaba ya manjano. Shilingi 200 yenye simba ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki tangu juu hadi moyoni. Shilingi 500 yenye nyati, iliyotolewa mwaka 2014, ni chuma kilichovikwa nikeli. Kwa hiyo tembeeni na sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha. Hamsini, mia na mia tano zitanasa. Mia mbili haitanasa. Mia mbili ikinasa, au mia ikikataa kunasa, hapo pana jambo la kuangaliwa kwa makini, na jambo la kwanza la kuliwazia ni sarafu ya bandia kabla ya kasoro. Halafu ipimeni kwenye mizani ya sonara pamoja na kumi za aina yake. Sarafu iliyopungua rangi tu bila kupungua uzito ni tofauti na iliyolika.

Na hapa ndipo sarafu ya mama wa Kinole inapojihukumu yenyewe. Kwa sarafu zilizovikwa, kisahani hukatwa kwanza, kisha ndipo huvikwa shaba. Kama pengo lile lingetoka kiwandani, lingekuwepo kabla ya kuvikwa, na ukuta wa pengo ungekuwa wa manjano kama sehemu nyingine. Niliiinua sarafu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya pengo chuma kilikuwa kijivu kitupu, chenye mistari ya tupa inayokwenda upande mmoja, na kutu imeanza. Upande wa pili ukingo ulikuwa mzima kabisa. Kuhusu ule uso wa kijivu, shaba yake ilikuwa imevimba malengelenge na kubanduka pembeni, jambo linalotokea sarafu ikikaa motoni. Nilimuuliza ameipata wapi. Akanyamaza kidogo, akasema aliikuta kwenye majivu ya jiko la mkaa baada ya wajukuu kucheza. Tupa hakuijua. Alipoiacha kwa yule kijana siku mbili aiangalie, ilirudi na pengo.

Nimemwambia ukweli wote mbele ya mwanawe. Sarafu ile haina thamani ya mamilioni. Imeharibika, na dukani wanaweza hata kuikataa. Elfu ishirini yake hairudi. Lakini yule kijana bado anazunguka na maneno yake, na maneno hayo ni ndugu wa hadithi za rupia za Mjerumani zilizofukiwa, ambazo zimewafilisi watu wazima wenye akili zao. Anayekata sarafu ya nchi kwa tupa, tena, anagusa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yenye sehemu nzima ya makosa yanayohusu sarafu. Vijana, msikubali kutumwa kazi hiyo.

Sisemi kuwa kasoro za kweli hazipo kwenye vibubu vya Mwembesongo. Zipo. Mzee mmoja wa mtaa huu ana senti 20 yenye mbuni, imegongwa nje ya kituo, robo yake ni tupu na laini bila alama ya chombo, na upande wa pili nao umehama hivyohivyo, kwa kipimo kilekile, kama inavyopasa pale kisahani kinapokosa kukaa ndani ya pete. Nimeitazama mara tatu na sina shaka nayo. Bei yake ni ya wastani, naye ameamua kubaki nayo.

Neno langu kwenu ni moja. Ukipata sarafu unayoitilia shaka, usiisugue. Si kwa jivu, si kwa ndimu, si kwa mchanga wa mtoni, si kwa dawa ya meno. Kila unachokisugua ni ushahidi unaouosha, na sarafu ya Tabora iliyong'arishwa ni hasara isiyorekebishika. Usimpe mtu akaiangalie nyumbani kwake. Usitoe fedha ili utafutiwe mnunuzi. Ifunge kwenye karatasi safi kama ilivyo, na Jumamosi asubuhi nitakuwa hapa hapa na lenzi, mizani na sumaku, bila malipo. Mama wa Kinole ameahidi kuja na ile shilingi mia yake, ili kila mmoja wenu aone kwa macho yake jinsi tupa inavyoandika.